Kuhamisha akaunti ya mshahara kwa ajili ya zawadi: wasomaji wa Tanga wanauliza

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: benki nyingine imekuja na zawadi, je, ni busara kuihamishia akaunti yangu kuu? Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna deni, na deni hubadilisha hesabu yote.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Makorora. Mshahara wangu unapitia benki moja tangu nilipoajiriwa, na nina mkopo wa mtumishi katika benki hiyohiyo. Salio la mkopo ni shilingi 6,000,000, nimebakiza miezi 30 ya marejesho, na riba ni asilimia 16 kwa mwaka. Hivi karibuni afisa wa benki nyingine alitukuta katika chumba cha walimu wakati wa chai, akatueleza kwamba atakayehamishia mshahara kwao atawekewa shilingi 100,000 baada ya mishahara mitatu kuingia, hatakatwa ada ya mwezi kwa mwaka mzima na atapewa kadi bila malipo. Mwenye mkopo kwingine, deni lake litanunuliwa kwa riba ya asilimia 14, ataongezewa shilingi 2,000,000 mkononi, na atalipa kwa miezi 72. Makato yangu ya mwezi yatashuka sana, na baadhi ya wenzangu wamekwisha kujaza fomu. Kaka yangu aliyeko Uingereza ananicheka; anasema huko benki huwalipa watu ili wahamie kwao, na kila kitu hukamilika ndani ya wiki. Je, nihame?
*Mwalimu, Makorora*

JIBU: Marahaba, mwalimu. Tuanze na kaka yako, kwa kuwa anayoyasema ni ya kweli, ila hayakusaidii kama anavyodhani. Mwezi Septemba 2013 Uingereza ilianzisha huduma maalumu ya kuhamisha akaunti, ambayo karibu benki zote kubwa za huko zimejiunga nayo. Mteja huomba katika benki mpya tu, na ndani ya siku saba za kazi benki hizo mbili humalizana zenyewe: mshahara, bili na malipo ya kila mwezi huhamishwa, akaunti ya zamani hufungwa, na fedha itakayotumwa kwenye akaunti ya zamani baada ya hapo huelekezwa kwenye ile mpya bila mteja kusumbuka. Akaunti nyingi za kawaida za huko hazina ada ya mwezi, kwa hiyo benki zinazotaka wateja hushindana kwa kuwapa fedha taslimu, mara nyingi pauni 100 na zaidi, kwa masharti kama vile kupitisha kiasi fulani cha fedha katika akaunti na kuhamisha malipo mawili au zaidi ya kudumu. Lakini muulize kaka yako kama mkopo nao huhama kwa utaratibu huo. Atakujibu kwamba hauhami. Hubaki ulikokopwa mpaka ulipwe, au mpaka mkopaji aingie mkataba mwingine.

Kwetu hakuna huduma ya namna hiyo. Benki Kuu ina mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na mitandao ya simu, na shilingi sasa husafiri kutoka benki moja hadi nyingine kwa muda mfupi. Lakini kusafirisha fedha ni jambo moja, na kuhamisha akaunti pamoja na kila kilichofungamanishwa nayo ni jambo jingine. Kazi hiyo ya pili unaifanya wewe mwenyewe, kwa miguu yako na kwa barua zako. Hata hivyo, hali ya kuwa na pa kuhamia si ya zamani sana. Benki za biashara zilitaifishwa Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, na milango ya benki binafsi haikufunguliwa tena mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1991. NBC ya zamani, yaani benki ya biashara ya serikali, nayo iligawanywa mwaka 1997. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1980 hakuwa na afisa wa kumfuata chumba cha walimu akiwa na fomu mkononi.

Sasa tuingie kwenye deni lako, kwa sababu hapo ndipo penye fedha. Nimepiga hesabu kwa namba ulizoleta, nikichukulia kwamba riba zote mbili hutozwa kwenye salio linalopungua, yaani kwenye deni lililobaki kila mwezi tu. Ukibaki ulipo, rejesho lako la mwezi ni takriban shilingi 244,000, na katika miezi 30 iliyobaki utalipa jumla ya shilingi 7,319,000 hivi. Yaani riba iliyobaki mbele yako ni kama shilingi 1,319,000. Ukikubali mkataba wa afisa yule, deni jipya litakuwa shilingi 8,000,000, rejesho litashuka hadi karibu shilingi 165,000, na wewe utaona nafuu ya shilingi 79,000 kila mwezi, jambo ambalo mtu yeyote mwenye ada za watoto lazima limguse. Lakini utalipa kwa miezi 72, na jumla yake inakaribia shilingi 11,869,000. Riba pekee ni shilingi 3,869,000. Umepunguziwa riba kutoka asilimia 16 hadi 14, na bado riba utakayolipa imekuwa karibu mara tatu ya ile uliyobakiza.

Wakopaji wengi hawalioni jambo hili kwa sababu wanatazama mistari miwili tu katika fomu, asilimia ya riba na rejesho la mwezi, na yote miwili imeshuka. Mstari wa muda wanaupita haraka. Afisa hakukudanganya, na huenda kila alichosema kimeandikwa katika mkataba. Ila shilingi 2,000,000 utakazopewa mkononi, mbali na kwamba utazirudisha zenyewe, zitakuja na riba ya ziada ya takriban shilingi 2,550,000 ambayo usingeilipa kama ungemaliza deni lako la sasa kwa muda wake.

Hiyo haina maana kwamba kila anayenunuliwa deni anapata hasara. Yako mambo mawili ya kujiuliza. La kwanza ni kama unazihitaji kweli hizo milioni mbili. Kama huzihitaji, omba deni lako la shilingi 6,000,000 linunuliwe lilivyo, kwa asilimia 14 na kwa miezi 30 ileile. Rejesho litakuwa karibu shilingi 238,000, na faida yako kwa kipindi chote ni kama shilingi 173,000. Ni faida ndogo kuliko inavyosikika katika chumba cha walimu, na kutoka humo bado hujatoa ada ya kuchakata mkopo mpya, bima ya mkopo, na ada ambayo benki yako ya sasa inaweza kukutoza kwa kumaliza mkopo kabla ya wakati. Ada ya kuchakata ikiwa asilimia moja tu, shilingi 60,000 zimeondoka. Uliza hizo nyingine kwa maandishi kabla hujasema lolote, maana zinaweza kuimaliza faida yote.

La pili ni kama unazihitaji fedha hizo kwa shughuli inayojulikana, tuseme kuezeka nyumba kabla ya masika au kumalizia ada ya chuo. Hapo chukua, lakini kataa miezi 72. Shilingi 8,000,000 kwa asilimia 14 zikilipwa kwa miezi 36 zina rejesho la takriban shilingi 273,000, ambalo ni shilingi 29,000 tu juu ya unacholipa sasa, na riba yake yote ni karibu shilingi 1,843,000. Kwa kufupisha muda peke yake umeokoa zaidi ya shilingi 2,000,000. Mwombe afisa akupigie hesabu ya miezi 36, 48 na 72 katika karatasi moja. Akisita, basi umekwisha kupata habari muhimu kuliko zote alizokuja nazo. Angalia vilevile kwamba baada ya makato yote mtumishi anapaswa kubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Ukiwa na mkopo wa SACCOS au wa elimu ya juu unaokatwa papo hapo, rejesho kubwa huenda lisipite.

Tuje kwenye zawadi. Shilingi 100,000 ni fedha, wala sikushauri uidharau. Lakini ipime dhidi ya kilicho karibu nayo: ada ya kuchakata ya asilimia moja kwa mkopo wa shilingi 8,000,000 ni shilingi 80,000. Katika hali hiyo benki imekuwekea laki moja kwa mkono mmoja na kuchukua elfu themanini kwa mwingine, na kilichobaki hakitoshi hata kwa nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam. Kisha uliza masharti matatu. Je, mishahara mitatu ni lazima ifuatane? Je, ukihama kabla ya mwaka kwisha watairudisha kwao ile laki? Na ofa ina tarehe ya mwisho ya lini, yaani ya kufungua akaunti au ya mshahara wa tatu kuingia? Mtumishi akifungua akaunti mwishoni mwa ofa, na mabadiliko ya akaunti yakachelewa mwezi mmoja katika mfumo wa mishahara, anaweza kujikuta nje ya orodha bila kosa lake.

Kuhusu ada ya mwezi, kutokatwa kwa mwaka mzima maana yake utakatwa kuanzia mwezi wa 13. Jambo la kuuliza ni kiasi gani, na kama kiwango kilichobandikwa tawini kina VAT ndani yake au la, kwa kuwa tangu Julai 2016 ada za huduma za benki hutozwa VAT ya asilimia 18. Nakushauri ufanye hivi: ichukue taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu iliyopita, kaa mezani na kalamu nyekundu ya kusahihishia, na uzungushie kila makato madogo. Utakuta ada ya uendeshaji ya mwezi, na utakuta pia ada ya kutoa fedha kwenye mashine, ada ya kutoa kwa wakala, ada ya kutuma kwenye simu, na ada ya ujumbe mfupi. Jumlisha kila aina peke yake. Mara nyingi ada ya uendeshaji, ambayo ndiyo iliyotangazwa kuwa imefutwa, huwa ndogo kuliko zile zinazotokana na mazoea ya kutoa elfu ishirini ishirini mara kumi kwa mwezi. Peleka jumla hizo kwenye orodha ya tozo ya benki mpya, uone ungekatwa nini kwa matumizi yaleyale. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki ikueleze ada na masharti kabla hujasaini, kwa hiyo unapoiomba orodha hiyo humsumbui mtu.

Fikiria pia kwamba wewe ni mwalimu, na mwalimu huhamishwa. Benki iliyo hatua chache kutoka kwako leo itakufaa nini ukipangiwa kazi ndani ya Kilindi au Mkinga? Uliza kuhusu mawakala wao huko, usiulize kuhusu tawi la mjini tu.

Ukiamua kuhama, mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko haraka. Fungua akaunti mpya kwanza. Kwa namba ya NIDA na alama za vidole kazi hiyo haichukui muda. Akaunti ya zamani usiiguse. Omba katika benki ya sasa barua ya salio la mkopo, na uangalie tarehe ambayo barua hiyo inakoma kutumika, maana riba huendelea kuhesabiwa na salio la leo si la wiki ijayo. Benki mpya iilipe benki ya zamani moja kwa moja. Usikubali fedha za kununua deni zipitie mfukoni mwako. Baada ya malipo, dai barua ya kutodaiwa, uitunze pamoja na vyeti vyako. Ndipo upeleke taarifa za akaunti mpya kwa afisa utumishi, mapema ndani ya mwezi kabla maandalizi ya mishahara hayajafungwa, na uifuatilie hati yako ya mshahara. Kama mkopo wa zamani ulikuwa unakatwa kutoka Hazina, hakikisha mstari wake umetoka. Miezi ya mwanzo hutokea mtumishi akakatwa mara mbili, upande wa zamani na upande mpya, na fedha hiyo hairudi mpaka mwenyewe aidai kwa maandishi.

Mshahara ukishaingia upande mpya bila tatizo, ndipo uhamishe maagizo ya kudumu, uunganishe simu yako, na uwaarifu wanaokuwekea fedha. Kisha ifunge akaunti ya zamani kwa barua na uombe uthibitisho. Ukiiacha tu ikalala, huenda ikaendelea kulimbikiza ada.

Kwa namba zako, mwalimu, kama mimi ndiye ningekuwa natakiwa kusaini, nisingesaini ule mkataba wa miezi 72. Wa miezi 36 ningeusoma vizuri, ukurasa kwa ukurasa. Wenzako waliojaza fomu nao waulize kama wamekwisha kusaini mkataba wa mkopo au wamefungua akaunti tu, kwani wa kundi la pili bado wana nafasi ya kuuliza haya.

SWALI: Ninauza nafaka katika soko la Mgandini. Nina akiba ya shilingi 11,000,000 katika benki moja, ambayo nimeiweka kidogo kidogo. Benki nyingine ina droo: kila unapoweka shilingi 50,000 unapata nafasi ya kushinda bajaji. Mume wangu anasema nihamishe zote ili tuwe na nafasi nyingi. Mimi ninaogopa, kwani nimesikia kuna benki ziliwahi kufungwa hapa nchini. Je, fedha zangu zina usalama gani?
*Mama wa nafaka, Ngamiani*

JIBU: Woga wako una maana, mama, kuliko ile bajaji. Ni kweli kwamba Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa mpigo: Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru. Wateja wa benki zilizofungwa hulipwa kwanza na Bodi ya Bima ya Amana, mpaka kikomo kilichowekwa. Wakati ule kikomo kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mteja mmoja katika benki moja. Mwaka 2023 kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000. Aliye na zaidi ya hapo husubiri mfilisi akusanye madeni na kuuza mali za benki, na kusubiri huko kunaweza kuwa kwa miaka.

Kwa hesabu hiyo, leo hii shilingi 7,500,000 zako zimekingwa na bima na shilingi 3,500,000 haziko ndani yake. Ukihamisha zote kama anavyotaka mzee wako, utakuwa umebadilisha jengo tu, hatari ni ileile. Lakini ukihamisha shilingi 4,000,000 na kuacha 7,000,000, zote zitakuwa ndani ya kinga, kwa sababu kikomo huhesabiwa kwa kila benki peke yake. Zingatia kwamba akaunti mbili za jina lako katika benki ileile hujumlishwa, kwa hiyo kufungua akaunti ya pili palepale ulipo hakuongezi kitu. Sisemi kwamba benki yako ina tatizo lolote. Ninasema tu kwamba ulinzi huu haukugharimu chochote na unapatikana kwa safari moja ya asubuhi.

Droo usiiweke katika hesabu. Nafasi ya kushinda si mapato, na tangazo halitaji idadi ya nafasi walizonazo wateja wengine nchi nzima. Linganisha mambo yanayokuhusu kila siku: wakala aliye karibu na soko ana uwezo wa kupokea mauzo yako ya siku ya gulio? Ada ya kutoa ni kiasi gani? Kama akaunti inatoa riba, kiwango ni kipi baada ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10? Wako wafanyabiashara wa Ngamiani wasiotaka riba kwa sababu ya dini. Kwao zipo huduma za benki zisizo za riba, na droo kama hizi ni vyema wakawauliza wenye elimu kabla ya kuziingia.

SWALI: Mimi ni muuguzi mstaafu wa Bombo, ninaishi Chumbageni. Pensheni yangu inapitia benki ya tangu enzi za kazi. Mwanangu anataka niihamishie katika benki anayotumia yeye, kwa kuwa wana bima ya mazishi bure kwa wastaafu, na ili kadi akae nayo yeye anisaidie. Mnasemaje?
*Bibi wa Chumbageni*

JIBU: Shikamoo bibi. Bima ya mazishi ni jambo la maana, lakini omba uisome yenyewe. Angalia kama ina ukomo wa umri, kama inakuhusu wewe peke yako au pamoja na mwenzi, ni muda gani lazima upite tangu kufungua akaunti kabla haijaanza kulipa, na je, pensheni ikichelewa mwezi mmoja bima inasimama? Mstaafu aliyevuka umri uliotajwa huwa hana bima hata kama tangazo lina picha ya bibi anayecheka.

Kuhamisha pensheni si kugumu: unawasilisha taarifa za akaunti mpya PSSSF kwa fomu yao, unaiacha ya zamani wazi mpaka pensheni ya kwanza, ikiwezekana na ya pili, iingie upande mpya, na unahakikisha namba yako ya simu kwao ni ileile ili taarifa za uhakiki zisikupite.

Kuhusu kadi, hapo tutatofautiana na mwanao kwa heshima. Kadi na namba ya siri vikae kwako. Kama miguu haikuruhusu kufika benki, uliza kuhusu wakala wa mtaani, au mwanao akusindikize siku ya kutoa. Akaunti ikiwa ya jina lako na kadi ikiwa kwa mwingine, fedha ikipungua benki haitakusikiliza, kwa kuwa namba ya siri hukabidhiwi ili umkabidhi mwingine. Nia yake njema siitilii shaka.

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama kipo Mabawa, tuko 28. Mwenyekiti alikubaliana na afisa wa benki kwamba akaunti ya kikundi ihamie kwao, naye akapewa simu ya kisasa. Sisi wengine tulipata fulana. Sasa kuna manung'uniko. Simu ni ya nani, na je, akaunti imekwisha kuhama?
*Mwanakikundi, Mabawa*

JIBU: Akaunti haijahama, dada. Mwenyekiti peke yake hana uwezo huo. Benki inayofuata utaratibu itataka muhtasari wa kikao ulioazimia kuhama, ukiwa na majina na saini za waliohudhuria, pamoja na nakala ya cheti cha usajili wa kikundi, katiba, na watia saini wapya au walewale. Kama muhtasari huo haukuandikwa, bado mnalo la kuamua. Kama uliandikwa bila kikao, hilo ni jambo la kulipeleka kwenye uongozi wa benki yenyewe kwa barua, na kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kabla ya kupiga kura, angalieni kama mna mkopo wa halmashauri wa ile asilimia 10 iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kama mnao, au mmeuomba na mnasubiri, namba ya akaunti iliyo katika fomu zenu ndiyo halmashauri inayoitambua, na kuhama bila kuwaarifu kunaweza kuchelewesha fedha au kuvuruga rekodi ya marejesho. Ulizeni pia kiwango cha chini cha salio na ada ya kutoa kwa hundi, kwani akaunti za vikundi huwa na masharti yake.

Ama simu, ilitolewa kwa sababu ya fedha za wanachama 28, na kwa hiyo ni ya wanachama 28. Mwenyekiti anaweza kuendelea kuitumia kwa kazi za kikundi, kupokea ujumbe wa benki na kuwapigia wanachama, ila iandikwe katika daftari la mali za kikundi pamoja na namba yake ya IMEI, na siku atakapoachia uongozi aikabidhi kwa anayefuata pamoja na mihuri na vitabu.